Mistari Minne ya Mjomba

Sitaki mtu anihurumie, maana aibu hii niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, na watu wa Newala wakaila mbele yangu mpaka wakaramba vidole. Nawasimulia kwa sababu mmeniuliza mara nyingi kwa nini abiria akiomba kukaa mbele, kando yangu, uso wangu hubadilika kama mtu aliyekamuliwa ndimu kwenye kidonda, na kwa nini siku hizi harusi za kwetu natuma zawadi tu, mwenyewe siendi.

Nianze kwa mpangilio. Mimi ni rubani. Narusha ndege ndogo ya injini mbili za pangaboi, abiria tisa, na nairusha peke yangu. Ndege yenyewe imeundwa hivyo na sheria inaruhusu, rubani mmoja aliyefundishwa na kupimwa kwa kazi hiyo anatosha. Kiti cha kushoto ni changu, cha kulia kinakaa kitupu na usukani wake, na katikati ndipo vilipo vishikio vya injini. Watu wakisikia neno rubani wanamwona mtu wa miwani ya jua anayeburuta begi la magurudumu huku wenzake wakimfungulia milango. Rubani wa peke yake ni kiumbe kingine. Mlango nafungua mimi, mizigo napanga mimi, wazee nawafunga mikanda mimi, maganda ya ndizi chini ya viti naokota mimi, halafu navaa fulana ya njano inayong'aa naizunguka ndege kukagua tairi na mafuta, ndipo naingia mbele na kuirusha. (Kwenye viwanja vya vumbi nimewahi pia kufukuza mbuzi, ila hilo hawaliandiki kwenye leseni.)

Kwetu ni Makote, wilaya ya Newala. Mama analima korosho na mihogo huko, na tangu nilipozaliwa hana jina lingine kijijini isipokuwa Mama Somoe. Somoe ndiye mimi. Mkilishika hilo mtayashika na mengine yote, kwa sababu mtu akinicheka mimi amemcheka yeye kwa jina lake. Na tulichekwa. Jirani yetu, Mama Shaibu, hakuwahi kuamini kwamba mtoto wa kike aliyeokota naye mabibo anaweza kurusha ndege.

"Mwanao anafagia ndege," alikuwa akimwambia mama wakiwa bombani, mbele ya wenzao. "Si vibaya, kufagia nako ni kazi. Lakini usituambie anarusha. Anayerusha ni mjomba wake, sote tunajua."

Huyo mjomba ndiye mwenye mkasa. Mjomba Issa, kaka mkubwa wa mama, alifanya kazi uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mpaka akastaafu. Alikuwa dereva wa lile trekta dogo linalovuta vigari vya mabegi. Kazi halali na ya jasho, mimi mwenyewe namheshimu kwayo. Lakini kila alipokuja likizo Makote alikuja amevaa shati jeupe lenye vishikizo mabegani, akaanza mazungumzo na "huko kwenye ndege zetu", na watu wakajimalizia wenyewe. Hakuwahi kusema kwamba ni rubani. Hakuwahi pia kusema kwamba si rubani. Mama alikuwa anaujua ukweli, lakini kwetu ukoo unafuata upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno, posa haiendi bila yeye na msiba hauzikwi bila yeye, na mpwa hambishii mjomba mbele za watu hata akisema jua ni la kijani. Dada naye hamvui nguo kaka yake. Kwa hiyo uongo ule ambao hakuna aliyeusema uliachwa ukamea mpaka ukawa mti.

Mwaka jana, mwezi wa saba, wakati mikorosho inapulizwa dawa ya salfa na asubuhi za Newala zimejaa ukungu, kampuni yangu ikapata kazi ya harusi. Bwana Mfaume, mfanyabiashara mkubwa wa Newala, alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana wa Masasi, na alitaka upande wa bwana harusi upande ndege Masasi ushuke Newala. Barabara ipo. Kwa gari wangefika bila hata kuchafua kanzu. Lakini mwenye hela zake akitaka mkwe ashuke kutoka mawinguni, nani amwambie apite chini? Mji mzima ukaalikwa uwanjani kuangalia.

Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba rubani wa kazi hiyo ni mimi, alisema taratibu kama mtu anayefunga mzigo: "Basi nitawaleta. Wote. Mama Shaibu nitampakia bodaboda kwa fedha yangu. Wakuone ukishuka na mistari yako mabegani, nife nimepumzika."

Hicho ndicho kilichokuwa mkononi mwangu siku ile, sikuwa nawinda sifa wala cheo. Mama yangu alikuwa amechoka kuitwa muongo, na mimi nilikuwa na asubuhi moja ya kumtoa uongoni.

Mjomba Issa akasikia, akanipigia, akasema na yeye ataenda kumsalimia dada yake, nimtafutie nafasi. Nikamwomba Bwana Mfaume nafasi ya ndugu mmoja, akakubali bila kuuliza ni nani, kwa sababu kiti kimoja cha nyuma kilikuwa hakina mtu. Tukaondoka Dar alfajiri, mimi mbele, mjomba nyuma kabisa peke yake kama waziri, amevaa lile shati lake la kazini, limepigwa pasi mpaka linakata. Kampuni yetu hairuhusu abiria kukaa kiti cha kulia. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina la mama.

Masasi tulishuka salama, katikati ya vile vilima vya mawe vinavyosimama kama vimesahaulika na mtu aliyekuwa anajenga. Ukungu wa Newala ulikuwa unaanza kufunguka na nilikuwa nataka kupanda mapema, kwa maana uwanja wa Newala uko juu, karibu na pale ardhi inapokatika kuelekea bonde la Ruvuma, na upepo wa ukingoni ukichelewa kuuheshimu unakuheshimisha. Upande wa bwana harusi walikuwa tayari, bwana harusi na joho lake, baba yake, wajomba, mashangazi, na bibi yake mzaa baba, Bibi Asumini, mdogo wa mwili lakini ukimtazama unajua kwamba pale hakuna kinachotendeka bila yeye.

Bibi Asumini akapanda ngazi, akachungulia mbele, akasimama.

"Hiki kiti cha nani?"

"Hakina mtu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hakina mtu kwa nini? Mwenzio yuko wapi?"

"Sina mwenzangu, bibi. Ndege hii inaendeshwa na mtu mmoja."

"Mtu mmoja nani?"

"Mimi."

Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, halafu ile fulana ya njano, halafu akageuka akashuka ngazi kinyumenyume huku akisema kwa sauti ya kuwasikilizisha wote: "Haya, harusi imekwisha. Mimi siendi kufa na mkufu wa watu shingoni, nimeuazima. Huyu binti akishikwa na kifafa huko juu, nani atatushusha? Wewe, Abdala?" Abdala ndiye bwana harusi, na Abdala akatazama viatu vyake.

Nikaeleza. Nikaeleza vizuri sana, kwa utaratibu, kuhusu vipimo vya afya na mafunzo na mashine inayoshika njia yenyewe, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kurudi nyuma, maana mtu mwenye hofu ukimweleza sababu za kutoogopa unamwongezea orodha. Baba wa bwana harusi akasema labda wachukue magari. Simu ya Bwana Mfaume ikaingia, naye alikuwa anafoka mpaka nikaiweka mbali na sikio: ngoma zimeanza, watu wamejaa uwanjani, ndege iko wapi? Nikamwona mama akilini, katika lile kundi la Newala. Nikamwona Mama Shaibu akishuka kwenye bodaboda aliyolipiwa, anatazama mbingu tupu, anatabasamu.

Mjomba Issa alikuwa amesimama chini ya bawa, mikono nyuma, amependeza.

Hapo ndipo nilipoamua, na uamuzi wenyewe haukuchukua muda wa kupiga chafya. Nikamsogelea, nikamwambia, "Mjomba, njoo ukae mbele na mimi, wazee watulie. Usiguse kitu." Akasema, "Sasa umenena." Ningeishia hapo pengine leo ningekuwa nacheka. Lakini mimi ni mtu wa kukamilisha kazi. Nilikuwa na mistari ya akiba kwenye begi, minne minne, ile ya kuchomeka mabegani inayomtambulisha kapteni, na shati la mjomba lilikuwa na vishikizo vyake vimekaa vitupu miaka yote. Nikamchomekea. Kwa mikono yangu hii. Bega la kulia, bega la kushoto, nikarudi nyuma hatua moja kuangalia kama imenyooka.

Uso wa Bibi Asumini ukafunguka kama dirisha. "Kumbe baba yupo! Si mngesema! Shikamoo kapteni."

"Marahaba, mama," alisema mjomba, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Pandeni, pandeni, upepo hausubiri mtu."

Wakapanda wote. Mimi nikafunga mikanda, nikapakia masanduku ya bwana harusi, nikafunga mlango, nikapita katikati yao nimeinama kama mhudumu. Shangazi mmoja akaniomba maji.

Safari ya Masasi kwenda Newala ni fupi, hujamaliza kupanda unaanza kushuka, lakini mjomba aliitumia yote. Alivaa vile vya masikioni nilivyompa, akageuka nyuma akawaonyesha watu vilima, akawaonyesha Makote ("kule ndiko kwetu," na alikuwa anaonyesha kijiji kingine, Mnyambe), kisha akaanza kuniambia mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Haya, punguza. Haya, pinda. Hapo hapo, vizuri." Nilikuwa nimeshapinda. Bibi Asumini, aliyekaa kiti cha kwanza nyuma yetu, alikuwa anaitikia "Alhamdulillahi" kila anapoamrisha.

Tukaingia upande wa ukingo. Upepo ulikuwa umeamka, ukatubana chini kidogo, nikaongeza nguvu, nikauona uwanja mwekundu mbele na watu pembeni yake weusi kama nyuki, khanga na kanzu, nikajua mmoja wa wale ni mama. Tulikuwa chini sana, karibu kugusa. Na hapo nikauona mkono wa mjomba unakuja katikati, polepole, wenye uhakika, unaelekea kwenye vishikio viwili vyenye vichwa vyekundu.

Vichwa vyekundu ndivyo vinavyokata mafuta. Ukivivuta, injini zote mbili zinazimika. Baadaye nilielewa: kwenye lile trekta lake la mizigo, kishikio chekundu kilikuwa breki, na mzee aliona ardhi inakuja kwa kasi akaamua kunisaidia kufunga breki.

Nilimpiga. Siwezi kusema nilimsukuma wala nilimzuia, nilimpiga kofi la mkono lililolia kuliko injini, paa, na yeye akaurudisha mkono kifuani kama mtoto aliyegusa jiko. Sekunde ile ile magurudumu yakagusa vumbi. Niwaambieni, wala sijisifu, ule ndio ushukaji wangu bora kuliko wote. Hakuna hata mtu aliyetikisika kichwa. Nyuma wakapiga makofi na vigelegele. "Hongera kapteni! Hongera baba!" Mjomba akainua mkono wa pili, ule ambao haukupigwa, akawapungia. Mimi hakunitazama.

Nilizima injini na nikawa na mpango. Nitashuka wa kwanza, bila fulana, na mistari yangu, nimkumbatie mama mbele ya Mama Shaibu, basi, kazi imekwisha. Lakini ndege ya rubani mmoja haikupi nafasi hiyo. Lazima uweke vizuizi vya tairi kabla watu hawajasogea, lazima uwazuie watoto wasikaribie mapanga ya injini, na kampuni inataka ukiwa chini uwe umevaa fulana. Nikavaa, ikafunika mistari yangu. Nikateremka nikakimbilia tairi, nikafungua nyuma nikaanza kutoa masanduku, na nilipoinua kichwa, sanduku la bwana harusi begani na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mjomba Issa alikuwa anashuka ngazi polepole, mistari minne huku na mistari minne kule, na ngoma zikapasuka.

Wakambeba. Nasema wakambeba juu, bwana harusi mwenyewe akasahaulika na joho lake. Vijana wa Newala walimzungusha mzee yule kama kombe. Nikamwona Mama Shaibu kwa uwazi kabisa, amefunga khanga kiunoni, anamgeukia mama yangu, na ingawa ngoma zilikuwa zinalia niliyasoma maneno mdomoni mwake kabla hayajanifikia.

"Si nilisema? Anabeba mizigo. Hata sikusema vibaya, nilisema anafagia."

Mama alikuwa amevaa khanga mpya, doti haijafuliwa, bado ina mistari ya kukunjwa. Alinitazama mimi, akamtazama kaka yake aliye juu ya mabega ya watu, akanitazama tena. Alielewa. Nilimwona akielewa, na nilimwona akifunga mdomo.

Nikatua sanduku. Nikasema moyoni sasa naenda kusema. Lakini Bibi Asumini alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameshafika kwa akina mama na alikuwa anasimulia, anatikisa kidole: "Kapteni mtu mzima, mpole, anamwelekeza kwa upendo, punguza, pinda, na huyu binti anamchapa mkono! Nimeona kwa macho yangu! Kofi! Ndege iko hewani!"

"Amempiga nani?" mama aliuliza.

"Kapteni."

"Kapteni ni mjomba wake," alisema Mama Shaibu, na sauti yake ilikuwa tamu.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kubeba mizigo ni kazi, wangenisamehe. Kusema uongo kwamba narusha, wangecheka wakasahau. Lakini mpwa kumpiga mjomba mkono, tena mbele ya wakwe wa watu, hilo hata watoto waliacha kuchezacheza. Mjomba akashushwa chini. Alikuwa anausugua ule mkono, na sikuweza kujua kama unamuuma au anawaonyesha.

Ningeweza kusema: alikuwa anataka kuzima injini, alikuwa anataka kutuua. Na kama angekuwa kapteni, nani angeniamini? Na kama si kapteni, ni nani aliyemchomekea mistari, akawaongopea wazee wa watu wakapanda? Jibu la swali la kwanza na jibu la swali la pili yalikuwa yamesimama pande zote mbili za njia, yakinisubiri.

"Somoe," alisema mama, kwa upole, na hakuinua macho. "Mwombe radhi mjomba wako."

Nikapiga magoti. Kwenye vumbi la uwanja wa ndege wa Newala, mimi na leseni yangu na fulana yangu ya njano, kando ya ndege niliyoishusha kwa mikono yangu, nikamshika miguu mzee wa trekta nikamwomba anisamehe kwa kutuokoa. Akaweka mkono kichwani pangu. "Nimesamehe," alisema. "Vijana wa siku hizi wana haraka."

Mnadhani imekwisha. Ilikuwa imebaki sehemu moja.

Kazi yangu ilikuwa kurudi Dar siku ile ile, ndege tupu, kabla upepo haujazidi. Mjomba alikuwa anabaki kwa dada yake. Na mimi, kwa hasira zangu, nikaona Mungu amenipa njia: wataniona. Nitapanda peke yangu, kwenye kiti cha kulia hakuna mtu, nitawasha, nitapaa mbele ya macho yao yote, na Mama Shaibu atakula maneno yake bila chumvi. Watu walikuwa wameshaingia kwenye turubai la pilau pembeni ya uwanja. Nikakagua ndege, nikaingia, nikawasha injini ya kwanza.

Wakatoka turubaini wote, na pilau mikononi.

"Binti anaiba ndege!" Sijui nani alianza. "Kapteni yuko hapa anakula! Ndege inaondoka na nani?" Mgambo mmoja akaja mbio na kirungu, akasimama mbele kabisa, wengine nyuma yake, wanakaribia mapanga yanayozunguka, na hapo hasira ikaniruka nikabaki na hofu tupu, nikazima kila kitu.

"Dada, shuka. Hii mali ya watu," alisema mgambo.

"Mimi ndiye rubani!" nilipiga kelele kutoka mlangoni. Nikatoa leseni, akaigeuza, akasema kadi hata yeye anazo nyingi. Basi nikayasema yote, mbele ya mji, tena kwa sauti: kwamba mimi ndiye niliyewaleta, kwamba yule mzee aliketi tu, kwamba mistari ile ni yangu, nilimvalisha ili wasiogope.

Walicheka. Bibi Asumini alishika kiuno. "Mnamsikia? Asubuhi amempiga, mchana anamkana!"

Nikamtafuta mjomba. Alikuwa amesimama mbele ya turubai, mfupa wa nyama mkononi, mistari bado mabegani, na watu wote wakamgeukia kusubiri neno lake, kama inavyotakiwa kwetu. Kwa neno moja angeniokoa. "Mjomba," nikamwambia, "tafadhali waambie." Alinitazama. Nina hakika aliwaza kusema. Niliona kitu kinapita usoni mwake, kitu cha yule mzee aliyekuwa akiamka alfajiri kuvuta mabegi ya wenzake. Kisha akautazama mkono wake, akawatazama watu wote wale waliokuwa wanamwangalia kama hawajawahi kumwangalia mtu.

"Mwacheni," alisema. "Nimemruhusu. Kushuka ameshuka na mimi pembeni, sasa apae peke yake. Ndivyo tunavyowafundisha."

Watu wakasema aaa. Mgambo akanirudishia leseni kwa adabu, akanisaidia hata kusukuma watoto. Bibi Asumini akaniombea dua niongozwe. Na mimi nikawasha injini zote mbili, nikapaa peke yangu mbele ya macho ya Newala nzima, sawasawa kama nilivyotaka, na kila mmoja wao, nikipita juu ya vichwa vyao, alikuwa anampigia makofi mwalimu wangu.

Bwana Mfaume alikuwa mtu wa shukrani. Aliipigia kampuni kusifu huduma, hasa yule kapteni mzee, mtulivu, mwenye heshima, na akashauri msaidizi wake wa kike afundishwe adabu. Mkuu wetu wa marubani akaniita ofisini akaniuliza swali fupi: kapteni mzee ni nani? Nikamjibu. Nilisimamishwa kurusha mpaka nilipofanyiwa mtihani upya, na bado kila nikiingia chumba cha marubani kuna mwenzangu mmoja atakayesimama kunipisha, "Karibu mwanafunzi wa mjomba."

Mama alinipigia baada ya siku chache. Hatukuzungumza kuhusu uwanja. Aliniambia salfa imepanda bei, akaniambia mvua haijulikani. Nilipokuwa naaga ndipo aliposema, "Najua ni wewe uliyeshusha. Issa hata baiskeli ilimshinda. Lakini ningefanyaje, mwanangu? Ningesimama mbele ya watu niseme kaka yangu muongo?" Nikamwambia hapana, mama. Akasema, "Mama Shaibu alikuja jana. Anaomba nimpelekee mjomba wako maombi, amtafutie Shaibu kazi ya urubani." Sikujua kama anacheka au analia, na sikuuliza.

Tangu siku hiyo kiti cha kulia hakikaliwi. Nakifunga mkanda kikiwa kitupu, naukaza, abiria waone. Anayeniuliza mwenzangu yuko wapi namjibu kwamba sina, na anayeogopa namwonyesha barabara. Sitamchomekea mtu mistari yangu tena, hata awe mjomba, hata harusi isubiri mpaka bwana harusi aote mvi.

Lakini kuna safari za kwenda kusini zinazonipitisha juu ya Makote, na siku za mbingu safi naliona paa la bati la mama na mikorosho iliyolizunguka. Najua ananisikia. Najua anatoka nje, anaweka mkono juu ya macho. Na najua kwamba ng'ambo ya ua Mama Shaibu naye anainua kichwa, anawaonyesha wajukuu kwa kidole, anawaambia, "Mnamwona? Yule ni mjomba wake Somoe, anapita."